Ofisi ya Njano

Mtaa ulipitisha kwa kauli moja kwamba Sponji amepona. Kikao kilikaa Jumapili mchana mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kikahudhuriwa na kila mtu isipokuwa Sponji mwenyewe. Hakukuwa na mpinzani. Watu wale wale ambao kwa miaka sita walikuwa hawajakubaliana nani azibue mtaro wa maji machafu, siku hiyo waliinua mikono kwa pamoja kama wanafunzi walioulizwa nani anataka kwenda nyumbani mapema.

Wakati huo Sponji alikuwa upande wa pili wa mji, amepiga magoti nyuma ya kochi la watu, anang'oa misumari kwa koleo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili hajagusa unga wa kulevya. Miezi minane ya kwanza aliishi katika nyumba ya kupona, pamoja na wanaume kumi na tisa waliokoroma kwa sauti kumi na tisa tofauti. Baada ya hapo alipanga chumba kando ya karakana ya mbao, na mwenye karakana akampa pembe ya ua afanyie kazi yake. Huko hakuna aliyemjua. Walimwita fundi, wakamkaba koo kwa ajili ya makochi yao, wakamtukana akichelewa. Matusi hayo aliyapenda mno. Yalikuwa matusi ya fundi aliyechelewa, si matusi ya teja.

Matusi ya teja aliyajua yote kwa moyo. Alikuwa amekula unga miaka tisa, na katika miaka hiyo aliuza kila kitu kilichopita mbele ya macho yake: mashine ya kushonea ya marehemu mama, viti vya wateja vilivyokuja kubadilishwa kitambaa, na mlango wa chumba cha dada yake. Mlango mzima, na bawaba zake, mchana kweupe, dada mwenyewe yumo ndani amelala na homa. Aliamka akajikuta anatazamana na wapita njia.

Mshauri wa nyumba ya kupona, mama mmoja mnene mwenye sauti ya muuguzi na macho ya askari, aliwaambia jambo lile lile kila asubuhi mpaka wakawa wanaliota. "Kichwa kinaweza kusahau. Mwili hausahau mahali. Ukipita pale ulipokuwa unajidunga, mate yatakujaa mdomoni kabla hujakumbuka unaitwa nani. Kwa hiyo usipite. Usijitie ushujaa. Zunguka, hata kama ni kilomita tatu. Aibu ya kuzunguka haijaua mtu."

Sponji alizunguka. Alizunguka mtaa wake wote kwa mwaka na miezi miwili. Halafu dada akapiga simu.

"Rudi nyumbani. Mtaa umekufanyia jambo."

"Jambo gani, dada?"

"Sisemi kwa simu. Nitalia."

"Dada, niambie tu."

"Si nimekwambia nitalia?" Na akalia.

Dada huyu, mkubwa wake kwa miaka saba, alikuwa mshona mapazia. Kwa miaka tisa hakutambulishwa kwa kazi yake hata siku moja. Alikuwa "dada wa yule teja," na mteja akija kuchukua pazia alilihesabu mbele yake pindo kwa pindo, kama vile wizi nao unarithiwa. Sasa, kwa mara ya kwanza, mke wa mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemwita shoga yake. Sponji angemkatalia nini dada yake? Alifunga nyundo, mkasi na sindano zake kwenye gunia, akarudi.

Kulikuwa na jumba bovu nyuma ya barabara kuu, mali ya warithi waliokuwa wakishtakiana mpaka mawakili wakazeeka. Nusu ya paa ilikuwa imeanguka. Mateja wa mtaa waliliita Ofisi. Mtu akiulizwa anakwenda wapi, alijibu "ofisini", na kusema kweli walikuwa wanawahi kazini kuliko watumishi wengi wenye mishahara. Sponji alikaa humo miaka tisa, chumba cha mwisho, pembe ya kushoto. Humo ndimo alimotolewa amebebwa juu ya mkokoteni, midomo imegeuka rangi.

Alipofika siku hiyo, alikuta kitambaa chekundu cha uzinduzi kimefungwa mlangoni mwa chumba hicho hicho. Paa jipya. Sakafu ya saruji. Meza ya kukatia vitambaa. Na kuta zote nne, kuanzia chini hadi juu, zimepakwa rangi ya njano kali ya kuumiza jino. Rangi hiyo ilikuwa imekaa miaka miwili katika duka la mwenyekiti bila kupata mnunuzi, kwa hiyo ilikuwa sadaka isiyomuuma sana.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye moyo mkubwa, na tumbo lililokuwa likishindana nao. Alipanda juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Adui ukishamfukuza, unafanya nini? Unakalia kiti chake! Wengine wangempeleka kijana wetu mbali, wamfiche. Sisi tumekataa! Pale pale alipoangukia, ndipo atakaposimama! Na chumba ni chake bure, mwaka mzima!"

Makofi yalivuma. Mwashi aliyepiga plasta bila malipo alikuwa anajifuta macho. Kina mama waliobeba maji ya kukorogea saruji walikuwa wamevaa nguo zao za kutokea. Dada alikuwa mstari wa mbele, ameshikwa mkono na mke wa mwenyekiti, amenyoosha shingo kama mtu aliyetoka majini.

Sponji alitazama pembe ya kushoto. Njano au si njano, ukuta ule ulikuwa na tumbo, ulibinuka kidogo katikati, na mgongo wa Sponji uliujua ubinukaji huo kama unavyojua godoro. Mate yakamjaa mdomoni. Akameza. Yakajaa tena.

"Sema neno, fundi!"

Alitaka kusema: mmenijengea kaburi mkaliezeka vizuri. Akamwona dada.

"Asanteni sana," alisema.

Neno hilo ndilo lililomponza.

Wiki ya kwanza alijikaza kisabuni. Alisogeza meza upande wa kulia, akaupa ukuta ule mgongo. Haikusaidia kitu, maana sasa alikuwa anausikia. Saa nne asubuhi mwanga uliingia kwa tundu la juu ukaanguka sakafuni kama sahani, pale pale ulipokuwa ukianguka zamani, na zamani mwanga ukifika hapo ilikuwa zamu yake. Nyumba ya jirani walifungua bomba, likakohoa mara mbili kabla ya kutoa maji, na zamani kikohozi hicho kilikuwa ndiyo maji ya kuchanganyia unga. Mikono ilianza kumtoka jasho. Nyundo iliteleza. Alishona mshono mmoja mara tatu, akaufumua mara tatu.

Angalau angeachwa aumwe kwa faragha. Lakini Sponji sasa alikuwa fahari ya mtaa, na fahari haifungiwi ndani. Mwenyekiti alileta wageni. Kwanza kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, kisha walimu, kisha jamaa wawili wa ofisi fulani waliovaa vitambulisho shingoni na kuandika kila kitu, mpaka chafya.

"Fundi, waonyeshe," mwenyekiti alikuwa anasema. "Ulikuwa unakaa wapi?"

"Pale."

"Hebu kaa kidogo waone."

Naye anakwenda anakaa. Wageni wanaguna kwa huruma. Mmoja anauliza alikuwa anajisikiaje, maana kuna watu huruma yao haishibi bila maelezo. Sponji anaeleza: mkanda unafungwa hapa, mshipa unatafutwa hapa, halafu joto linapanda kutoka tumboni. Anaeleza vizuri kupita kiasi. Kwa wiki tatu alikaa kwenye pembe ile mara kumi na moja kwa amri ya watu wanaompenda, na kila alipoinuka ilimchukua muda mrefu zaidi kuinuka.

Mshauri alipiga simu. "Kazi mpya vipi?"

"Safi kabisa."

"Iko wapi hiyo karakana?"

"Hapa hapa mtaani. Karibu na barabara."

"Karibu na barabara," mama yule alirudia polepole. "Barabara ina pande nyingi, baba. Unalala?"

"Nalala sana," alisema Sponji, ambaye alikuwa na siku tano hajapata usingizi wa maana.

Jioni moja alijaribu kumwambia dada. Dada alikuwa anapiga pasi pazia la mke wa mwenyekiti, anaimba kwa pua.

"Dada, kile chumba kina joto."

"Fungua dirisha."

"Siyo joto la hivyo."

Aliacha kuimba. Alimtazama machoni, akamtazama mikononi, kwa haraka, namna alivyokuwa akimtazama miaka ile. Sponji aliona hofu inarudi usoni mwa dada yake kama mpangaji wa zamani anayejua ufunguo unawekwa wapi. Akarudi nyuma upesi.

"Nitafungua dirisha," alisema.

Basi ikafika Alhamisi. Juu ya meza yake kulikuwa na kochi la watu wawili, mali ya mwenyekiti mwenyewe. Jumamosi walikuwa wanakuja wageni wakubwa kuuona mtaa wa mfano, na mwenyekiti alitaka wakute kochi lake limevaa kitambaa kipya, tena limeshonwa na teja aliyepona. Sponji alikuwa amelivua lote, limebaki mbao, springi na gunia. Saa tano hivi mlango wa uani ulisukumwa, akaingia Bwana Harusi.

Bwana Harusi alikuwa teja mwenzake wa siku nyingi. Jina alilipata kwa sababu ya koti la suti nyeusi aliloliokota mahali, akalivaa miaka minne mfululizo, jua na mvua. Hakubisha hodi, hakusalimia, hakutazama hata rangi. Alikwenda moja kwa moja mpaka pembe ya kushoto, akakaa. Hapo ndipo akili ilipomfika.

"Aa! Kumbe ni kwako sasa." Aliinuka nusu. "Samahani, kaka. Miguu tu hii. Mimi nilishasema tuhamie kule kwenye makontena, lakini miguu haikuhudhuria kikao."

"Kaa," Sponji alisema.

"Wasije wakasema nimekuja kukuharibu. Mwenyekiti atanivunja."

"Kaa, nimesema."

Alikaa. Sahani ya mwanga ilikuwa imemfikia magotini. Bomba la jirani likakohoa. Sponji alikuwa na sindano ya kushonea makochi mkononi, ile ndefu iliyopinda kama ubavu, na akagundua kwamba ameishika kwa vidole vitatu, kwa namna ambayo hakuna fundi anayeshika sindano ya kochi.

"Unayo?" aliuliza.

Bwana Harusi aliduwaa. Alimkodolea macho kama mtu aliyemsikia shekhe akiagiza pombe. "Wewe? Si umepona? Nimesikia kwa spika!"

"Nimekuuliza unayo au huna."

"Sina hapa." Alijikuna shingo, anaona haya kwa niaba ya mtaa mzima. "Lakini ni hapo nyuma tu. Dakika kumi. Kweli nilete?"

Sponji alisikia sauti ikisema "lete", na sauti ilikuwa yake.

Mlango wa uani ulifungwa. Dakika kumi. Alijua kila moja itakavyokuwa, maana alishawahi kuzingoja maelfu. Alijiambia atoke. Miguu ilikataa, ilikuwa inasubiri pamoja na mwili uliobaki. Alijiambia amalizie mshono. Alijiambia mara hii moja tu, halafu akacheka peke yake, kwa sababu hata uongo ule ulikuwa umekaa mahali pake pale pale na hakuna aliyeupaka rangi.

Kitu pekee chumbani ambacho hakikuwa cha zamani ni lile kochi. Alilishika. Hakuwa na mpango. Aliliteremsha mezani, akalikokota kwa kinyumenyume, miguu yake ya mbao ikichora saruji mpya mistari miwili, likakwama mlangoni, akalipiga bega, likapita. Hakusimama kwenye kibaraza. Aliona kibaraza nacho ni Ofisi. Alilivuta mpaka katikati ya barabara ya mtaa, kwenye jua kali, akakaa juu ya springi tupu. Mwenye baiskeli alimkwepa huku akimtukana. Sponji alishukuru.

Mtaa uliona nini? Mtaa uliona teja ametoka mbio na kochi la mwenyekiti.

"Anauza!" mwashi alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Jamani, kaanza! Anauza kochi la mwenyekiti!"

Hakuna taarifa iliyowahi kusafiri haraka vile katika mtaa ambao tangazo la chanjo huchukua wiki. Kina mama walitoka na mikono yenye povu. Simu zilipigwa. Mtu mmoja alishika mguu wa kochi, kama vile lingepaa.

"Bei gani, fundi?" mwingine alidhihaki. "Au na mlango utaleta? Maana milango ndiyo fani yako!"

Watu wakacheka, cheko la wenye uchungu. Walikuwa wamebeba maji kwa ajili yake. Mwenyekiti alifika anahema, jasho linamchuruzika, na usoni hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe.

"Fundi. Wewe? Na kochi langu?"

"Siuzi."

"Sasa linafanya nini barabarani?"

"Siwezi humo ndani, mwenyekiti. Nimejaribu. Pananivuta. Mahali pananivuta."

Mwenyekiti alilitafakari jambo hilo kwa dhati. Aligeuka akatazama mlango, akaona njano inang'aa ndani, akaangaza uso kama mtu aliyepata jibu.

"Ni rangi?" aliuliza. "Rangi inakusumbua? Mbona hukusema! Tutabadilisha. Nina ya bluu bahari, makopo manne. Kesho asubuhi tunapaka, Jumamosi imekauka."

"Siyo rangi."

"Kijani pia ninayo, ila kidogo."

Hapo dada alifika, na pini bado ziko mdomoni. Alizitema kiganjani. Umati ulimfungulia njia, na katika njia hiyo mke wa mwenyekiti alikuwa amesimama. Alimpisha bila kumgusa.

"Umetumia?" dada aliuliza.

"Bado."

Neno hilo lilipita juu ya vichwa vya watu wote. Mwenyekiti alikuwa bado anataja makopo. Dada peke yake ndiye aliyelipokea, akalikazia macho. Sponji hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama uchochoro wa pembeni mwa jumba, na dada akayafuata macho yake. Bwana Harusi alikuwa amesimama pale, koti limefungwa kifungo kimoja, mkono umezama mfukoni. Aliuona umati, akaganda. Hakuondoka. Alisubiri tu, kwa heshima, kama mtu aliyekuja na barua na kukuta mwenye nyumba ana wageni.

Dada aliweka pini zake kwenye upindo wa gauni. Akainama, akashika upande mmoja wa kochi.

"Shika kwako," alisema.

"Kochi langu!" mwenyekiti alisema. "Mnalipeleka wapi? Jumamosi wageni..."

"Litarudi likiwa limevaa," dada alimjibu. "Utupishe, mwenyekiti."

Walilibeba. Yeye dada alikwenda kinyumenyume, umati ukagawanyika. Hakuna aliyewazuia, ila sauti zilianza kabla hawajafika kwenye kona, na hazikujitahidi kuwa ndogo. "Safari hii anaiba pamoja na dada yake." "Mimi nilijua tangu siku ya mkasi na kitambaa." "Damu hiyo hiyo." Dada alizisikia. Sponji aliona zinavyomwingia, moja baada ya nyingine, kwenye uso aliokuwa ameuelekeza kwake na hakuwa na mkono wa kuuficha.

Walifika mlangoni pa nyumba yao. Dada hakukunja kuingia.

"Tumepita," Sponji alisema.

"Naona. Toka hapa mpaka kwenye hilo jumba ni hatua ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Basi tembea."

Walitembea. Jua lilikuwa la utosini. Walipovuka barabara kuu waliliteremsha kochi chini ya ukuta wa kiwanda, wakakaa juu yake bega kwa bega.

"Ulimwomba wewe, au alikuletea yeye?"

"Nilimwomba mimi."

"Na nisingefika?"

Angeweza kumwambia alichotaka kusikia. Alikuwa na uzoefu wa miaka tisa katika fani hiyo.

"Sijui, dada."

Dada alivua ndala, akakung'uta mchanga, akazivaa tena. Nyuma yao, mbali, kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, mtu anajaribu "moja, mbili, moja, mbili". Huenda ilikuwa ni habari ya kikao kingine.

"Kwa yule mwenye karakana ya mbao," alisema mwishowe. "Mimi sijawahi kufika. Ni mbali?"

"Mbali."

"Nimechoka kwenda kinyumenyume. Tangulia wewe, unajua njia."

Walibadilishana. Sponji alishika mbele, mikono nyuma, uso barabarani. Kuanzia hapo hakuweza kumwona. Alijua tu, kwa uzito uliokuwa ukimvuta viganjani kila hatua, kwamba upande wa pili haujaachiwa.